Tundu Chini ya Zulia la Mheshimiwa

Kiti cha nyuma cha gari kililetwa karakana asubuhi ya Jumatatu, kimelazwa juu ya mkokoteni na kufungwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali bila hiari yake. Nyuma ya mkokoteni alitembea mwenyewe, daktari wa meno mstaafu, mwembamba kama sindano, mwenye tabia ya kunong'ona. Huenda ni kwa sababu miaka thelathini alikuwa akizungumza na watu waliokaa mdomo wazi wasiweze kumjibu.

"Fundi," alinong'ona, "nataka kiwe kama siku kilipotoka kiwandani."

Mwenye karakana alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye mabega mapana na vidole vilivyokomaa kwa sindano. Alishona viti vya mabasi, makochi, viti vya vinyozi, na mara moja alishona kiti cha farasi ambaye hakuwahi kumwona. Wateja walimwita Fundi. Kwao nyumbani aliitwa Kitinda mpaka leo, kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, na cheo hicho hakina kustaafu.

"Ni gari la aina gani?" aliuliza.

Daktari alitaja jina la gari kwa sauti ya chini zaidi, kama anayetaja marehemu. "Kampuni yenyewe ilishakufa. Nililikuta nyuma ya ghala la muuza vigae, limefunikwa turubai. Vijana wakiliona wananiuliza kama nimeliunda mwenyewe."

Fundi alicheka, akampa siku ya kurudi, akaendelea na kazi zake. Hakuwaza lolote, kwani hilo jina la kampuni hakuwahi kulijua. Watoto hawajui majina ya kampuni. Wanajua nani anakaa dirishani.

Mchana alikaa kwenye kigoda akaanza kukichuna kile kiti. Kilikuwa kimevalishwa mara tatu, ngozi bandia nyeusi juu ya ile ya kahawia, na ya kahawia juu ya kitambaa cha maua. Alipofika ngozi ya chini kabisa, nyekundu iliyopauka, aliona kiraka cha khaki kirefu kama kiganja, kimeshonwa kwa uzi wa kijani kibichi. Mshono ulikwenda mshazari, na kila baada ya hatua kumi za sindano kulikuwa na fundo dogo.

Mkasi ukamtoka mkononi.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akifunga fundo kila baada ya hatua kumi. Alikuwa mama yake, mshonaji wa sare za shule, aliyekuwa akisema kwamba uzi ukikatika ukatike kwa adabu, usiondoke na mshono mzima. Na huo uzi wa kijani alibaki nao maboksi mawili, baada ya shule moja kubadili rangi ya sare bila kumwarifu. Mwaka ule nyumbani kwao kila kitu kilichochanika kiliunganishwa kwa kijani: mapazia, mifuko, hata kofia ya baba.

"Mheshimiwa," Fundi alisema peke yake. Kisha akakaa juu ya kile kiti palepale sakafuni, miguu ameinyoosha, akaacha simu ya mteja iite mpaka ikachoka.

*

Gari lilikuja kwao yeye akiwa na miaka saba. Baba yao alikuwa fundi saa, mtu mpole aliyeishi na lenzi kwenye jicho moja, na jioni moja alirudi nyumbani akiwa ndani ya kitu kirefu chekundu chenye pua ndefu sana, hivi kwamba boneti ilifika mlangoni kwanza, na baba akafika baadaye. Mama alitoka na futi shingoni, akalizunguka mara mbili.

"Tutaliweka wapi?" aliuliza.

"Si la kuwekwa," alisema baba. "Ni la kwenda."

Katika hilo alitia chumvi kidogo. Gari lilikwenda lilipotaka. Kila asubuhi baba alifungua boneti, akainamisha sikio juu ya injini kama alivyosikiliza saa za wateja, akatikisa kichwa akisema, "Anachelewa kidogo." Kisha aligonga mahali fulani kwa kidole, akarudi kwenye usukani, akasema kwa heshima zote, "Haya, Mheshimiwa, tuondoke." Akisema bila hiyo heshima, halikuwaka. Watoto walijaribu wakahakikisha. Jina likaganda.

Mbele kulikuwa na kiti kimoja kirefu kama benchi, cha baba, mama na yeyote aliyekuwa na kichefuchefu, na kwa kawaida huyo alikuwa Dada. Nyuma kulikuwa na madirisha mawili, moja la Kaka na jingine la Dada siku tumbo lake lilipotulia. Kitinda alikaa katikati, miguu kaipandisha juu ya nundu ya sakafuni, asione chochote ila visogo vya wazazi wake. Alilia, akanuna, akaomba zamu. Kaka, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mbili na alikuwa na jibu kwa kila jambo, alimweleza kwamba dirisha ni haki ya mtu mwenye shingo ndefu.

Ndipo siku moja, akichezea zulia la miguuni kwa kidole gumba cha mguu, aliligundua tundu.

Lilikuwa pembeni ya ile nundu, upana wa kisosi, kingo zake zimeliwa na kutu. Chini yake barabara ilikuwa inapita. Kitinda aliinama akajitia anafunga kiatu, na hakuinuka mpaka walipofika. Aliona lami ikikimbia kama kitambaa chini ya sindano ya mama. Aliona mstari mweupe ukija na kuondoka, kokoto, dimbwi, ganda la ndizi, na kivuli cha gari lao kikijikimbiza chenyewe. Kaka na Dada walikuwa na madirisha, lakini hayo madirisha kila mtu alikuwa nayo. Tundu lilikuwa lake peke yake.

Aliificha siri ile mwaka mzima. Alijifunza kukunja ukingo wa zulia kwa vidole vya mguu na kuurudisha bila mtu kushtuka. Alianza kulilisha tundu: maganda ya karanga, vipande vya karatasi, mara moja yai zima la kuchemsha alilokuwa amekataa kula, ambalo mama alimsifu kwa kulimaliza upesi. Akaacha kulilia dirisha. Wazazi wakasema mtoto amekua.

Mwezi ambao Kaka alichana kiti kwa kopo la rangi, mama aliingia nyuma na sindano yake kukishona humohumo garini, na Kitinda akakaa juu ya zulia muda wote akimshikia uzi wa kijani, asisogee kwa hofu ya kugundulika. "Leo umetulia sana," mama alimwambia. "Unaumwa?"

*

Halafu akaja Shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mwanamke mrefu ambaye akiingia chumbani hata viti vilionekana kama vinajiweka sawa. Mwaka huo alialikwa kuwa mgeni rasmi kwenye ufunguzi wa maktaba katika mji wa jirani. Alishona gauni, na kwa ajili ya siku hiyo alinunua viatu vya kijivu, vyembamba mbele, visigino virefu. Baba akajitolea kumpeleka na familia nzima.

Mgeni rasmi hakai mbele na dereva. Alikaa nyuma, dirishani, na Dada akahamishiwa mbele. Kitinda alijikuta katikati kama kawaida, lakini kwa mara ya kwanza juu ya zulia lake kulikuwa na miguu ya mtu. Baada ya mwendo wa nusu saa hivi Shangazi alivua viatu, akajinyoosha, akaanza kusoma hotuba yake kwa sauti ya chini.

Kitinda alivumilia kadiri alivyoweza. Walikuwa wanakaribia daraja, na daraja lilikuwa kitu kitamu kuliko vyote, kwa sababu kupitia tundu ungeweza kuona maji kati ya mbao. Alikunja ukingo wa zulia. Kiatu kimoja cha kijivu, kilichokuwa juu ya zulia, kikateleza, pua yake ikaingia tunduni na kukwama. Hapo angeweza kukivuta. Hilo alilijua wakati ule na hajawahi kujidanganya tangu siku hiyo. Alikitazama namna kilivyotulia, nusu ndani na nusu nje, kikimzibia daraja lake.

Akakisukuma. Kidogo tu.

Kiatu kikaenda.

Walipofika, Shangazi alipapasa kwa mguu, akapapasa kwa mkono, kisha gari zima likapekuliwa mpaka chini ya benchi la mbele. Nje walikuwa wanasubiri wakubwa wa mji, walimu, na wanafunzi wenye mashada ya maua. Mama alitaka kutoa viatu vyake, lakini mguu wa Shangazi haukuingia hata vidole. Baba alifuta lenzi yake mara tatu, kama kwamba kiatu kingeonekana kwa ukuzaji.

Shangazi alichungulia umati dirishani. Kisha akakivua kile kilichobaki, akakitia mkobani, akashuka pekupeku akiwa amenyoosha shingo, na akapanda jukwaani vile vile.

"Nimevua viatu," alianza, na uwanja wote ukatazama miguu yake, "kwa kuwa humo ndani mmeweka vitabu. Mtu haingii na vumbi la barabarani mahali pa kusomea."

Watu wakatazamana. Kisha mkuu wa mji akainama akaanza kufungua kamba za viatu vyake, na alipofungua yeye, nani angebaki? Wakavua wote. Mhasibu wa halmashauri alionekana ana soksi yenye dirisha, kidole gumba nje kikipunga upepo. Wakaingia maktaba mstari mmoja, pekupeku, kwa unyenyekevu mkubwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia pale na viatu. Gazeti liliandika. Shangazi akawa mtu wa kualikwa kila mahali.

Lakini nyumbani uchunguzi uliendelea. Shangazi alitaka kujua kiatu kilikwenda wapi, na baba, aliyekuwa hajui kugombeza, alitafuta wa kumtwika. Kaka alikuwa amekaa nyuma na tayari alikuwa na faili nene la utundu. Alipoulizwa kama ni yeye, aliinamisha kichwa bila kujitetea. Akahukumiwa kung'arisha viatu vya nyumba nzima mwezi mzima. Kitinda hakuthubutu tena kulikunja zulia; alimwona Kaka kila jioni barazani na brashi na kopo la rangi, na kila jioni alijiambia kesho atasema. Kesho hiyo ilichukua miaka arobaini na minne.

Mheshimiwa aliondoka wakati macho ya baba yalipoanza kuchoka. Watoto walirudi kutoka shule wakakuta doa la mafuta pale aliposimama, na baba ndani akipanga saa ambazo zilikwisha kupangwa. Walikua, wakazika wazazi, wakanunua magari mengine yanayowaka bila kubembelezwa.

*

"Kaka," Fundi alisema kwenye simu jioni ile, "unamkumbuka Mheshimiwa?"

"Yupi? Wako wengi." Kaka alikuwa karani mstaafu wa mahakama, na alikuwa na wasiwasi na waheshimiwa.

"Mwekundu. Wa pua ndefu."

Upande wa pili akasikia mtu akivuta kiti na kukaa.

Ikapangwa Jumamosi waende kwa Daktari kumwona. Dada, aliyekuwa nesi, angepitia kwa Kaka. Kitinda alikuwa ameomba sana jambo liwe la wao watatu tu, lakini Dada hajawahi kuficha hata joto la mgonjwa. Jumamosi walipofika kwa daktari wa meno, wa kwanza kushuka alikuwa Shangazi, miaka themanini na sita, fimbo mkononi, shingo ile ile.

Mheshimiwa alikuwa uani chini ya paa la mabati. Alikuwa mdogo. Hilo liliwashangaza wote watatu. Ile boneti iliyokuwa ikifika kabla ya baba sasa ilimfikia Kaka kiunoni. Dada aliweka kiganja juu ya mlango na kukiacha hapo. Kaka alizunguka mara mbili kama mama alivyozunguka siku ile, akapiga teke gurudumu moja polepole, akatoa leso akajipangusa pua, akasema kuna vumbi.

"Ndani sijamaliza," Daktari alinong'ona, akifungua mlango wa nyuma. "Kiti kiko kwa Fundi. Na hapa chini kulikuwa na bati, nimelibandua jana nilisafishe. Ajabu yake limefungwa kwa skrubu kumi na mbili ndogo mno. Skrubu za saa. Na chini yake kuna hili tundu."

Wakachungulia wote. Kitinda akabaki nyuma, anasoma tangazo la oili ukutani.

Kaka aliinama, akapima tundu kwa kiganja. Akamtazama Dada. Dada akageuka.

"Kitinda," alisema Dada, "mbona unasoma tangazo?"

Alipiga moyo konde. Alisema yote, daraja, zulia, pua ya kiatu, na pale mwisho aliposema alikisukuma, sauti yake ikawa ya miaka minane. "Kidogo tu," aliongeza, ingawa hakuna aliyeuliza kipimo.

Shangazi alikuwa ameegemea fimbo. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "heshima yangu yote ya miaka hii nimeipata kwa kidole gumba chako."

"Nisamehe, Shangazi."

"Kilikuwa kinanibana kufa. Lakini kilikuwa changu, na ninacho cha pili mpaka leo kabatini, nilikuwa namsubiri mwenzake." Alimnyooshea fimbo. "Mimi nimekusikia. Sasa mwombe kaka yako. Yeye ndiye aliyetumikia kifungo."

Kitinda alimgeukia Kaka, lakini Kaka alikuwa amekunja uso kwa namna ya ajabu, kama mtu mwenye chakula moto mdomoni.

"Usiniombe," alisema. "Asubuhi ile kabla hatujaondoka nilivunja lenzi ya baba. Ile nzuri. Nikaitupa chooni. Baba aliponiita nilijua ni lenzi. Nikasema, kung'arisha viatu mwezi mzima kwa lenzi nzima, nimepona."

"Hukujua ni kiatu?" Dada aliuliza.

"Nilijua baada ya siku tatu. Hapo ningesema nini? Kwamba sistahili adhabu hii, nastahili kubwa zaidi?"

"Na ukakaa mahakamani miaka thelathini," alisema Shangazi, "na moyo wa namna hiyo."

Dada alikuwa ameokota lile bati, analigeuza mkononi. Lilikuwa limekunjwa kingo kwa nyundo ndogo, taratibu, kila pigo karibu na jenzake. "Kaka," alisema, "ulimaliza ule mwezi?"

Kaka alifikiri. "Hapana. Wiki ya tatu baba alinijia barazani, akanichukulia brashi. Akasema inatosha. Akakaa akamalizia vile vilivyobaki mwenyewe. Sikuelewa kwa nini."

Wote wakalitazama tena lile tundu. Kitinda alilichukua lile bati akapitisha kidole juu ya matundu ya skrubu, moja moja mpaka kumi na mbili. Baba alilijua tundu lake tangu ile wiki ya tatu. Alikuwa amejikunja ndani ya gari, na taa na bisibisi ya saa, akaliziba kimya kimya, na hakumwambia mtu. Machozi yalimtoka bila kelele, na Shangazi akamsogelea, akamkabidhi fimbo amshikie, akamfuta kwa upindo wa kitenge chake, kwa nguvu, kama mtu anayefuta ubao.

"Sasa tuendeshwe," alisema.

*

Daktari alijaribu kueleza kwamba breki ndiyo kwanza zimefungwa na kwamba nyuma hakuna kiti. Shangazi hakumsikia, au alijitia hamsikii. Alikaa mbele. Nyuma viliwekwa vigoda vitatu vya plastiki, na ndugu watatu wenye jumla ya mashinikizo mawili ya damu na goti moja bovu wakaingia, kila mmoja akimshika mwenzake kiuno. Kila kona vigoda viliteleza upande mmoja na kurudi. Dada akasema anajisikia vibaya. Kaka akamwambia asithubutu.

Mbele ya duka la vifaa vya shule Mheshimiwa alikohoa, akatetemeka, akazima katikati ya barabara.

"Shukeni msukume," aliamuru Shangazi, ambaye yeye hakushuka.

Wakasukuma. Mwenye duka akatoka kusaidia, mwuza magazeti akaja, na mwalimu mmoja wa michezo aliyekuwa akipita na filimbi shingoni akachukua uongozi. Barabara iliinama kidogo mbele, gari likaanza kujiendea lenyewe, likapiga kishindo, likatoa moshi wa buluu, likawaka. Wakashangilia. Wakasubiri lisimame.

Halikusimama. Daktari aliogopa kwamba akipunguza mwendo litazima tena, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alipaza sauti. Alipiga kelele ya radhi kupitia dirishani na kuendelea, mgongo umemnyooka kama msumari. Kando yake mkono mwembamba wa Shangazi ulitoka dirishani, ukawapungia kama wapungavyo wakubwa, bila kugeuka nyuma. Gari likakata kona.

Ndugu watatu walibaki barabarani, mikono myeusi, pumzi juu juu. Kaka alitazama kona, akatazama viatu vyake vilivyojaa vumbi. Kisha Dada akaanza kucheka, wa kwanza, cheko lile la tumboni ambalo hawakulisikia tangu msiba wa mama, na hao wengine wakamfuata mpaka Kitinda akalazimika kukaa kwenye ukingo wa mtaro.

Walirudi kwa miguu wakibishana njia nzima nani alikuwa akichelewesha wengine. Walipoingia uani walimkuta Mheshimiwa ameegeshwa upande upande, injini ikitoa milio ya kupoa, na Shangazi na Daktari wamekaa kivulini na vikombe vya chai. Daktari alikuwa ameegemea kiti, mdomo wazi, anasikiliza. Shangazi ndiye aliyekuwa akizungumza.